Maini Nimeyala Mimi

Jumapili jioni, Julai 2017. Lombardy East, Joburg.

Baridi kavu, ile inayopasua midomo. Jua limewaka kutwa nzima bila kupasha moto chochote. Nimekaa jikoni, hita iko miguuni, bega la kulia linaniuma pale kitako cha bunduki kilipokaa, na leo sina hamu ya kumwomba mtu yeyote radhi.

Nimeua pofu.

Acha niandike tena kwa kirefu, maana tangu jana watu wananiuliza kama ni kweli. Jana asubuhi, kwenye shamba la wanyamapori huko Limpopo, nimeua pofu dume kwa risasi moja, halafu nikaomba kisu nikampasua mimi mwenyewe. Kwa asiyemjua, pofu ni wa jamii ya swala, ila mwili wake ni wa fahali wa ng'ombe. Pembe zimesokotwa, ngozi inaning'inia chini ya shingo. Nimerudi na robo yake tu, na friza imejaa hadi mfuniko haufungi. Nimeuwekea tofali.

Na humu ndani kuna mtu mmoja ameapa kwamba nyama hiyo haitapita kooni mwake.

Mtu huyo ni mama mkwe wangu. Binti yetu Zawadi anamwita Kukhu, yaani bibi kwa Kibukusu, na mimi nimefuata mkumbo. Amekuja kutoka Bungoma kukaa nasi miezi hii ya baridi, akaleta unga wa wimbi, mboga za kukausha na maoni. Hanichukii. Ananiombea kila asubuhi, kwa sauti ya kutosha mimi nisikie ninachotakiwa kubadilisha. Siku niliyomwambia naenda kuwinda, aliweka kikombe cha chai mezani polepole, akavuta leso mabegani.

"Mama Zawadi, mwanamke hachinji," akasema. "Hata kuku. Sembuse mnyama wa porini. Ukileta hiyo nyama hapa, mimi nitakula sukuma wiki."

Nilimeza jibu langu kwa sababu ni mama wa mume wangu na nimelelewa. Lakini nilipiga moyo konde papo hapo. Nilitaka kitu kimoja tu: nyama niliyoiua kwa mkono wangu ikae juu ya meza yangu, yeye akiwa ameketi, na ihesabiwe kuwa nyama.

Kuna watakaosema huu ni ukaidi wa mwanamke aliyesoma akapata gari. Basi niseme unatoka wapi.

Nimekulia Voi. Baba alifariki nikiwa mdogo, akamwacha mama na wasichana watupu. Kila Krismasi mama alinunua mbuzi, na kila Krismasi tulimngoja jirani aje kuchinja, kwa sababu nyumba yetu haikuwa na mwanaume. Alikuja alipojisikia. Alikunywa chai kwanza, akala mkate, akatuuliza maswali ya shule kama mkaguzi, ndipo akanyoosha mkono apewe kisu. Kisu chenyewe kilikuwa chetu. Akimaliza aliondoka na maini na mguu wa nyuma, na mama alimsindikiza akimshukuru hadi njiani.

Mwaka mmoja hakuja. Alikuwa amekwenda kwa wakwe zake bila kutuambia. Mbuzi alilia tangu asubuhi, amefungwa kwenye mpapai, na sisi tumevaa nguo mpya tumekaa barazani tukitazama njia. Mama alikaa na kisu mapajani. Ni kisu kilekile alichokatia mifupa ya ng'ombe siku za mshahara, na mkono wake ulikijua kuliko mkono wa yule bwana. Alasiri ilipofika aliinuka, akakirudisha kabatini, akabandika maharagwe.

Kisu tulikuwa nacho, mbuzi tulikuwa naye, na tukala maharagwe.

Hakuna aliyetukataza. Hapakuwa na polisi mlangoni wala mchungaji. Lilikuwa tu ni jambo lisilofanywa, na mama hakuwa mtu wa kuanzisha mambo. Hasira ya maharagwe yale nimeibeba hadi Afrika Kusini, na sioni aibu kusema hivyo.

Hapa Joburg nafanya kazi kwenye kompyuta za benki, na mwenzangu wa meza ya jirani anaitwa Marlize. Mwaka juzi alinialika braai, yaani nyama choma ya huku, shambani kwa mama yake. Mama huyo ni mjane, kila mtu anamwita Tannie Elsabe. Tannie ni shangazi kwa Kiafrikana, na mama mtu mzima humwiti jina tupu, kama kwetu tu. Nilimkuta nyuma ya nyumba amefunga aproni, anachinja kondoo huku akimsimulia Marlize ugomvi wa kwaya ya kanisani kwao. Wanaume walikuwepo, walikuwa wanawasha moto. Hakuna aliyewaita. Nilisimama pale nikasahau kufunga mdomo. Kabla nyama haijaiva nilikuwa nimeshamwomba anifundishe, na bunduki pia, kila kitu. Aliniuliza swali moja tu, kama nitakula nitakachoua. Nikamwambia hiyo ndiyo sababu hasa.

Nikajifunza mwaka mzima. Nimepiga mikebe, nimepiga karatasi, nimepiga udongo mwingi sana. Akina mama wa ushirika wetu wa Wakenya kanisani wakanibandika jina, Mama Bunduki. Mmoja aliniuliza kama mume wangu ameruhusu. Mwingine akanikumbusha kwamba kwetu Kenya kuwinda ni marufuku. Najua. Nimekulia kando ya Tsavo, wanyama tuliwajua kwa mahindi yetu waliyokula. Lakini hapa ni halali, kibali kipo, bunduki ni ya Tannie na yeye husimama kando yangu. Wakacheka hata hivyo. Shauri yao.

Mume wangu Wafula hakucheka. Ni mwalimu wa chuo kikuu, mtu mpole, na nitasema hapa jambo ambalo Kukhu halijui, kwa kuwa Kukhu hasomi blogu. Wafula hawezi kuona damu. Tangu tuhamie hapa, kila kuku wa kienyeji aliyeingia nyumba hii amechinjwa na Papa Dieudonné, mlinzi wetu wa getini, Mkongo wa Lubumbashi, ambaye malipo yake ni kichwa na miguu. Wafula humtoa kuku kwa mlango wa nyuma akiwa hai, humrudisha akiwa nyama, na Kukhu alipokuja mara ya kwanza alisifu mkono wa mwanawe hadi kwa majirani. Mimi nikanyamaza. Ndoa ni kustiriana.

Safari hii Kukhu ameharibu mpango. Jumatano alikwenda mtaa wa Alex, akanunua kuku kwa wale akina mama wanaouza kuku hai kando ya barabara, akamfunga kwenye bomba la uani, akatangaza kwamba anataka kumwona mwanawe akichinja kwa macho yake mwenyewe. Wafula akasema kesho, Mama. Alhamisi akasema kesho. Ijumaa akakumbuka ana mitihani ya kusahihisha. Kuku akaendelea kunenepa kwa unga wetu na kuvunja sheria zote za kompleksi, haya makazi yetu ya geti moja.

Ijumaa hiyohiyo nilipokuwa napakia gari kwenda Limpopo, Kukhu aliniwekea mkono kichwani akaomba. Aliomba nifike salama, nirudi salama, na Mungu awafiche wanyama wake wote. Nikaitikia amina kwa dua mbili za kwanza.

Jana, basi.

Tulitoka alfajiri, nyasi zimeganda umande. Tulikuwa watatu: Tannie, mimi, na Ntate Phineas (ntate ni baba kwa Kipedi), msoma nyayo wa shamba, Mpedi wa makamo asiyependa maneno. Alibeba soksi kuukuu iliyojaa majivu. Kila tulipokwenda kidogo aliitikisa, akatazama majivu yanaelekea wapi, kisha akatugeuza ili upepo usipeleke harufu yetu kwa wanyama. Tulitembea hivyo hadi jua likapanda. Tuliwaona pofu mapema, Tannie akashusha mtutu wa bunduki yangu kwa kiganja, maana walikuwa majike na ndama. Tukawaona wengine, akaushusha tena. Safari hiyo walikuwa wamesongamana, na risasi ingempita mmoja ikamjeruhi mwenzake. Nilikasirika kimoyomoyo. Nilianza kuuona uso wa Kukhu nikirudi mikono mitupu, maombi yake yamejibiwa, na wale akina mama kanisani wakinipa pole kwa meno yote nje.

Nilimsikia kabla sijamwona. Pofu dume akizeeka, magoti yake hulia anapotembea, mlio mdogo mkavu, kama mtu anayejivunja vidole. Ntate Phineas aliinua mkono tukasimama. Alizifungua fimbo tatu za kuegemezea bunduki, akazisimika mbele yangu bila kunitazama. Dume akatoka kwenye miiba, yuko peke yake, shingo imegeuka rangi ya moshi kwa uzee. Akasimama, ubavu wote wazi.

Tannie akaninong'oneza nisiharakishe. Nikaitafuta sehemu ile nyuma ya bega, nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, nikabana triga taratibu kama nilivyofundishwa.

Mlio sikuusikia, nilihisi bega tu. Pofu alikimbia. Kwa muda ule mfupi niliamini kabisa kwamba nimemjeruhi, kwamba ataenda kufa mbali kwa maumivu kwa sababu ya kiburi changu na maharagwe yangu. Kisha miguu ya mbele ikakunjika, akaanguka kwenye nyasi, vumbi likainuka. Tulipomfikia alikuwa ameshatulia.

Nililia. Sitaficha hapa. Haikuwa huruma peke yake wala furaha peke yake. Nilimwekea mkono shingoni, bado ana joto, ananukia majani machungu, nikamwambia asante kwa Kitaita, lugha ambayo siku hizi naitumia kwenye simu tu. Ni mnyama mzuri kuliko nilivyowahi kufikiria, na nimemuua, na nitamla. Yote matatu ni kweli na siwezi kufuta hata moja ili mtu apendezwe.

Tannie akamwashiria Ntate Phineas aanze kupasua, na hapo machozi yakanikauka. Nikanyoosha mkono.

"Ntate, naomba kisu."

Alinitazama, akamtazama Tannie, akakigeuza kisu akanipa upande wa mpini. Akanionyesha kwa kidole mahali pa kupita, nami nikapita. Mikono iliingia hadi viwiko. Ilikuwa kazi nzito, mgongo uliniuma, nilikosea mahali akanirekebisha. Hakuna aliyekunywa chai kwanza. Tulipomaliza nilikifuta kisu kwenye nyasi nikamrudishia, akakataa kukipokea. Akavifunga vidole vyangu juu ya mpini.

Kisha akachovya kidole kwenye damu akanipaka paji la uso na mashavuni. Ni desturi ya wawindaji wa huku kwa anayeua mnyama wake wa kwanza, na hapo hunawi hadi ufike nyumbani kwako. Baada ya hapo, maini. Kipande cha kwanza huliwa kibichi, na anayeua ndiye anayekila. Kilikuwa na joto na ladha ya chuma, na nilikitafuna taratibu, sikukimeza harakaharaka kama dawa. Mengine tukayachoma kwenye makaa palepale, tukayala watatu kwa chumvi tu, tumechuchumaa. Yakaisha.

Maini nimeyala mimi. Dada zangu wakisoma hapa wataelewa kwa nini nimeiandika hivi.

Niliendesha gari hadi Joburg na damu usoni, desturi ni desturi. Kwenye kituo cha mafuta kijana aliyenijazia tangi alisema eish, sisi, yaani dada kwa lugha ya huku, akamalizia kazi akiangalia viatu vyake. Kwenye robot ya mwisho, ndivyo huku wanavyoziita taa za barabarani, kabla ya nyumbani, mama wa gari la pembeni alipandisha kioo. Nikampungia mkono, na mkono nao ulikuwa na damu kwenye kucha. Nilipofika getini, Papa Dieudonné alitoka mbio kibandani, redio mdomoni tayari kuita watu.

"Maman, banakufanya nini? Nani alikupiga?"

Nikamwambia hakuna aliyenipiga, nimeua mnyama. Nikamfungulia buti. Alichungulia, akanitazama, akacheka hadi akajishikilia kwenye geti.

"Njo vile," akasema. "Sasa kazi yangu na Papa Wafula inaisha. Kichwa na miguu ya kuku, kwaheri."

"Sharp, Papa," nikamjibu, yaani sawa, nikaingia nimeinua kichwa.

Kukhu alikuwa mlangoni. Aliona damu akaita jina la Yesu, kisha akaona masanduku ya nyama akaelewa. Nilitarajia hotuba ya mwanamke na kisu. Nilikuwa nimeipangia majibu tangu Limpopo, mengine makali sana. Hakuitoa. Aliinamia masanduku, akafunua moja baada ya jingine, akapekua, akanyooka.

"Maini ya kijana yangu iko wapi?"

Kwa Kukhu, maini ya mnyama ni ya mwenye nyumba, kama firigisi ya kuku ilivyo ya mwenye nyumba. Hilo halina mjadala. Amepika firigisi tangu alipoolewa akiwa msichana, akamwekea mumewe sahanini hadi siku aliyomzika, akaendelea kuwawekea wanawe, na yeye hajawahi kuonja hata moja. Aliniambia hivyo mwenyewe alipofika, na alilisema kwa fahari.

"Mama, maini yameliwa na aliyeua," nikasema.

Nyuma yake Wafula akakohoa.

"Mimi hata maini siyapendi sana," akasema.

"Wewe nyamaza, watu wazima wanaongea," mama yake akamwambia, akageuka, akaingia chumbani akafunga mlango.

Nilikwenda bafuni kunawa. Kabla ya kufungua maji nilijitazama kwenye kioo, damu imekauka na kupasukapasuka, nywele zimejaa majani, macho mekundu. Nikajipenda. Sikumbuki mara ya mwisho nilijipenda hivyo kwenye kioo, hata siku ya harusi nilikuwa nawaza mambo ya wageni.

Leo asubuhi Kukhu hakunisemesha. Kwenye gari alizungumza na dirisha. Kanisani habari ilikuwa imeshafika kabla yetu, sijui kwa njia gani, na yule mama aliyeniuliza kama nimeruhusiwa alinivuta pembeni baada ya ibada, akaniambia nisimsahau, hata kilo mbili tu kwenye mfuko. Nikamwambia mifuko sina. Nyama ipo, karibu nyumbani siku yoyote, utaila mezani kwangu na mimi nimekaa mbele yako. Akasema atafikiria. Afikirie.

Tuliporudi nilivaa aproni. Nilimpika pofu kwa nyanya, tangawizi na dania, nikachoma mbavu kwenye makaa uani, nikasonga ugali. Wafula sikumwachia hata koleo. Tukakaa. Wafula alikula akaongeza. Zawadi, ambaye anasikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, alisema shuleni hakuna atakayemwamini. Kukhu aliliwekea kidole bakuli la nyama, akalisukuma hadi upande wa pili wa meza, akala ugali kwa sukuma tonge baada ya tonge, akiangalia ukuta.

Iliniuma. Mtu anaweza kuwa mkaidi na bado ikamuuma. Lakini sikumbembeleza, wala sikuliondoa bakuli. Nililirudisha katikati ya meza mahali pake, nikala hadi nikashiba, nikalamba vidole.

Baada ya chakula Wafula akamchukua Zawadi wakaenda kutazama mpira kwa rafiki yake. Kwa kweli alikuwa anamkimbia kuku. Kukhu alitoka uani kuota jua, na kuku akaanza vituko vyake, anazunguka bomba hadi kamba inamnyonga, Kukhu anamfungua, anazunguka tena. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia mlango. Kukhu amesimama nyuma yangu, kuku kwapani.

"Huyu atakufa na uzee," akasema.

Nikaendelea kusugua sufuria. Nilidhani anamlalamikia mwanawe, na mwanawe nimezoea kumfichia.

"Kisu yako iko wapi?"

Nikamwonyesha cha jikoni, pale kwenye rafu. Akatikisa kichwa.

"Si hiyo. Ile ya jana."

Nilifuta mikono kwenye aproni, nikaenda kukichukua kwenye begi. Tukatoka uani. Alimlaza kuku, akamkanyaga mabawa kwa mguu mmoja na miguu kwa mguu wa pili, kwa ufundi wa mtu aliyewashikia wanaume kuku maisha yake yote. Kisha akageuza uso ukutani.

"Mimi sioni kitu," akasema. "Fanya haraka."

Nikafanya haraka.

Tulileta maji ya moto, tukakaa kwenye ngazi ya uani tukinyonyoa. Anafanya kazi upesi kuliko mimi. Sikutaka kuanza maneno, nisije nikaharibu.

"Baba Wafula alipofariki," akasema bila kuinua macho, "nilibaki na kuku boma nzima. Kijana wa jirani aliyekuwa ananichinjia akaenda Nairobi. Unajua nilifanya nini? Nilipeleka kuku yangu sokoni nikauza, nikanunua nyama ya kuku."

Alingoja nicheke. Sikucheka. Nikamsimulia habari za mbuzi wa Krismasi, mpapai, nguo mpya, kisu mapajani mwa mama. Sijawahi kumsimulia mtu wa ukoo wake, hata Wafula nilimsimulia nusu.

"Na mama yako akafanya nini?"

"Akabandika maharagwe."

"Mm." Akanyonyoa bawa zima kabla ya kusema tena. "Na wewe ukayala na hasira."

"Hasira bado ninayo, Mama."

"Naona," akasema.

Nilipasua firigisi, nikabandua ule utando wa njano, nikaiosha, nikaitia chumvi. Makaa ya mchana yalikuwa bado na moto. Niliichoma peke yake, nikaiweka kwenye kisosi, nikamwekea Kukhu kwenye ngazi, kando yake.

"Hii ni ya Wafula," akasema.

"Nimechinja mimi. Nampa ninayetaka."

Nikarudi jikoni makusudi nikamwacha nayo. Sikuchungulia. Sawa, nilichungulia. Alikuwa ameketi na kisosi mapajani, anaitazama, na nikamkumbuka mama barazani hadi ikabidi nirudi kwenye sinki.

Wafula alirudi jua likielekea kuzama. Alisikia harufu, akaja moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akakoroga, akatafuta. Maini hayapendi, lakini firigisi ni mambo mengine. Kukhu alikuwa ameketi hapa mezani, shavu moja limejaa, anatafuna polepole.

"Mama, firigisi iko wapi?"

Hakuinua kichwa.

"Muulize aliyechinja."

Wafula akanitazama mimi, akamtazama mama yake, akatazama bomba la uani ambapo imebaki kamba tupu, na nikaona jambo linamwingia kidogokidogo. Sikumsaidia. Nilikuwa naosha kisu.

Nyama ya pofu Kukhu bado hajaigusa. Usiku huu atakula kuku, ameniambia hivyo wazi, na huenda pofu asimguse kabisa hadi arudi Bungoma. Bakuli nitaliweka mezani kila siku, katikati, mahali pake. Friza imejaa na mimi sina haraka.

Desemba tunakwenda Voi. Mama atanunua mbuzi kama kawaida, na kama kawaida ataanza mapema kuulizia nani atakuwepo. Asubuhi, kabla sijaenda kazini, nitampigia simu nimwambie naja na kisu.

Asimwite mtu.